Tai ya Buluu ya Mshtakiwa

Leo nimetafsiri sentensi ambayo haikuandikwa.

Basi la Nairobi lilileta gazeti la Kiingereza. Habaryar, mama yangu mdogo anayeuza maziwa ya ngamia sokoni Garissa, akaniita nimsomee kwa Kisomali kesi ya mkurugenzi wa ile benki iliyofungwa. Akiba ya kina mama wa maziwa ilipotelea humo.

Nikasoma. Wallahi, ukurasa mzima!

Suti yake. Gari lililomleta. Tai yake ya buluu. Jinsi alivyomchekesha wakili wake.

Na waliopoteza akiba? Hata mstari mmoja hakuna.

"Na sisi je, abaayo, mwanangu?" akauliza. "Jaji ametutaja?"

Mnanijua, mimi mtu wa haya. Lakini uso ule ulinishinda. Nikasema, "Jaji ameuliza, akiba ya kina mama wa Garissa iko wapi?"

Akainua mikono, akamwombea jaji dua huku machozi yakimtoka.

Kisha akasema, "Nionyeshe kwa kidole ni wapi."

Nikaonyesha popote.

Akachana taratibu kipande hicho cha gazeti, akakifunga kwenye pindo la mtandio. Kesho atawaonyesha wenzake sokoni. Binti wa mmoja wao tunasoma naye darasa moja, na Kiingereza anakisoma.

Kwetu mtu akitoka kisimani huulizwa habari, naye huanza na maji. Mwandishi huyu alienda kisimani, akaturudia na rangi ya ndoo. Ptuu!

Semeni basi, ninyi mngemsomea nini?

Maana kipande alichokifunga kinasema tai ilikuwa ya buluu.