Kulungu Nje ya Ua Wangu

Mimi niliishia darasa la nane, na leo malori yangu ndiyo yanabeba mizigo kutoka uwanja wa ndege pale Euless, hapa Texas. Wenye digrii wananiomba kazi. Basi niliponunua shamba kule jangwani, magharibi ya Texas, mwendo wa siku nzima kwa gari, nilifanya lile ambalo Mkenya yeyote hufanya hata kabla ya kuchimba choo: nilizungushia ua. Si ua wa kuchezea. Seng'enge inayompita mtu kimo. Hodhi la maji walilolijenga wafugaji wa zamani likabaki ndani, langu.

Jirani, mzee mwenye ng'ombe, alikuja akaushika waya. Alisema kulungu wa pale hushinda kivulini, kwenye majabali ya mlimani, na jua likipungua hushuka kunywa hodhini kwa njia moja tu. Njia hiyo, akasema, nimeiziba. Nikamwambia wana miguu, watafute kwingine.

"Kwingine wapi?" akauliza, akaingia garini.

Kiangazi kilipokolea nilikwenda na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, nesi anayeishi Pearland. Nilitaka aone mtu amefika wapi. Jioni tunakula nje, akaacha kutafuna.

"Shem, una wageni."

Walisimama nje ya seng'enge, masikio marefu kama ya punda, wanalitazama hodhi. Nikapiga makofi. Hawakukimbia. Mnyama wa porini asiyekimbia ana jambo.

"Tajiri, hawa umewanyima hata salamu," shemeji akacheka. Kisha hakucheka tena. Jike mmoja alikuwa na mtoto, anavuta chuchu, anaachia, anavuta tena. "Huyo mama amekauka. Asipokunywa leo, mtoto hana kesho."

Sijazoea kubomoa nilichojenga. Lakini nilichukua mkasi wa waya, nikakata pale njia yao ilipogota, nikafungua pengo la kupita lori. Tukarudi nyuma ya nyumba, tukachungulia.

Hawakuingia. Walikuwa wameshazoea kuufuata ua, wamekanyaga kinjia kipya kando yake. Jike alifika penye pengo, akanyoosha shingo, akanusa waya uliokatwa, akaruka pembeni kana kwamba ameumwa. Akaendelea kuufuata waya. Wenzake wakamfuata. Mtoto alikuja nyuma, anayumba.

"Wapelekee huko nje, basi," shemeji akaninong'oneza.

Nikajaza karai, nikaliweka kwenye kinjia chao, nikaondoka upesi kabla giza halijaingia.

Asubuhi karai lilikuwa limejaa vilevile, vumbi limetanda juu ya maji. Nyayo za jike zilipanda mlimani. Za mtoto hazikuwepo kando yake. Shemeji alizifuata kwa macho mpaka majabalini. Nikashika waya upande wangu, naye akashika wake, tukaanza kuung'oa ua.