Nilitia chai kwenye mpira wa tairi Johannesburg, mzee wa gereji akaniharibia utafiti kwa huruma

Wakuu, heshima kwenu. Mliolala amkeni, mlio kazini jifanyeni mnajibu email ya bosi.

Haya yalinikuta mwenyewe, sikusimuliwa na shemeji wa jirani. Nimebadili jina la mzee tu, mengine ni kama yalivyokuwa.

Mwaka 2017 nilikuwa Johannesburg nasoma masters, mambo ya polymer, yaani mipira na plastiki, chuo kiko Braamfontein. Kulala nilikuwa nalala Jeppestown, chumba cha nyuma ya gereji ya tairi za mtumba. Wanachuo wenzangu wakiniuliza nakaa wapi, nasema "mashariki kidogo ya mjini", basi.

Sasa utafiti wenyewe.

Mpira wa tairi ukiachwa hivihivi, jua na hewa vinaula. Unakakamaa, unapasuka. Ndiyo maana viwandani wanachanganya dawa ya kuuzuia usizeeke, antioxidant, na dawa hiyo inatokana na mafuta ghafi. Tairi ikisagika barabarani, vumbi lake na dawa yake vinaishia mitoni.

Mimi nikaja na wazo la kuokoa dunia: dawa tuitoe kwenye rooibos, ile chai nyekundu wanayokunywa Wasauzi asubuhi mpaka jioni.

Nikawa naokota vifuko vya chai vilivyotumika kwenye jiko la department. Nakausha, naloweka kwenye alcohol, nachuja, napata unga mwekundu, nauchanganya kwenye mpira. Mkenya mmoja wa lab akaanza kuniita Mama Ntilie. Sikujali, mnajua tena mtu akishajiona mwanasayansi.

Nikatengeneza vipande vya aina tatu. A haina dawa yoyote. B ina dawa ya kiwandani. C ina chai yangu.

Nikavivuta, nikavipigilia misumari kwenye ubao, nikauweka ubao juu ya paa la gereji upigwe jua. Mpango ulikuwa rahisi: A ipasuke mapema, B idumu, C nayo idumu. Ikiwa hivyo, nina degree.

Scholarship ilikuwa inaisha Desemba. Hakuna matokeo, hakuna degree. Na kule Tanga mama alishawatangazia mtaa mzima kwamba mwanawe anarudi daktari wa matairi.

Pale gereji alikuwepo Papa Mwamba, fundi, mzee wa Lubumbashi. Alikuwa na desturi yake. Kila Jumamosi kabla ya kufunga anayeyusha mishumaa kwenye kopo, anachanganya na mafuta ya kujipaka, anapaka tairi zote za kuuza mpaka zing'ae. Kwake tairi kukaa chafu ni aibu, kama kumpeleka mtoto kanisani hajaoga.

Mimi ananiita Profesa. Aliniona nikianika vifuko, basi kila siku ni hilo: "Profesa, chai imeiva?" Nami namjibu, "Bado, Papa." Yakaishia hapo. Sikuwahi kumweleza nafanya nini juu ya paa, niliona hataelewa.

Basi wiki saba sikupanda paa. Nilikuwa nagombea foleni ya mashine za lab. Nilipopanda, nusura nianguke.

A inang'aa! Haina hata ufa.

B iko sawa. C, chai yangu, ina nyufa. Nyembamba, lakini zipo.

Yaani isiyo na dawa imeishinda chai yangu, na ya kiwandani haijaizidi.

Mtu mwenye akili zake angeshuka akauliza. Mimi nikafungua laptop. Nikaandika kurasa sita za theory kwamba mpira usio na dawa, ukikutana na jua kali la huku, unajitengenezea ngozi ya kujilinda. Nikachora graph, nikaweka na mishale. Aisee, mishale ile ilikuwa mizuri.

Siku ya presentation, Prof wangu, mama wa Kizulu mpole sana, akanisikiliza mpaka mwisho. Akaomba kipande cha A. Akakikwangua kwa ukucha, akanusa.

"Mbona kinanukia mshumaa?"

Jasho likanitoka mpaka kwenye vifundo vya miguu.

Nilirudi Jeppestown kwa miguu, hasira ndiyo inanitembeza. Sijui hata zile robot, taa za barabarani, zilikuwa nyekundu au kijani.

"Papa, umevipaka mafuta vipande vyangu?"

"Ndiyo, Profesa. Ile moja tu."

"Kwa nini?!"

"Ilikuwa inapasuka, mutoto yangu. Juma ya pili tu ikaanza. Wewe hauko, nani ataiangalia? Nikaona huruma."

Nikafoka. Nikamwambia mimi nilitaka ipasuke!

Akanitazama vile unavyomtazama mtu mwenye homa. "Ulitaka ipasuke? Sasa si ungeniambia?"

Eish.

Nikakaa juu ya tairi nikalia. Usicheke mkuu, nililia kweli, degree imeondoka na mishumaa.

Papa akakaa tairi la pili, akaendelea tu kunisimulia, kama ananibembeleza. Ile ya katikati iko na nguvu, hakuigusa. Ile ya mwisho ilikuwa nzuri, imeanza kupasuka juma ya sita, alipanga kuipaka Jumamosi hii.

Nikanyanyua kichwa.

Huyu mzee hakujua ipi ina nini. Kwenye ubao kulikuwa na herufi tatu tu. Alichagua kwa macho yake. A wiki ya pili, C ya sita, B bado. Hayo ndiyo yalikuwa matokeo yangu, na aliyeyaona ni yeye.

Nilipompelekea Prof habari hiyo, alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema kumbukumbu ya mzee siyo thesis. Rudia, vuruga herufi, na safari hii mkaguzi awe yeye.

Tukarudia. Kila Jumamosi Papa anapanda, kopo nimemnyang'anya. Aliteseka jamani!

"Profesa, hii inalia."

"Iache ilie, Papa."

Mpangilio ukatoka uleule. Sidanganyi, chai haikuifikia dawa ya kiwandani, lakini iliiacha mbali ile isiyo na kitu. Nika-submit zimebaki siku nne.

Siku ya kushusha ubao, A ilikuwa imechanika kama kisigino kisichojua mafuta. Papa akauliza, "Sasa umeisha kusoma?"

"Nimemaliza, Papa."

"Ile inaweza kupakwa?"

Nikamwambia ndiyo, nikamrudishia kopo lake. Akatoa kitambaa mfukoni, akaipaka, ufa mmoja mmoja, hana haraka.

Cheti kiko ukutani kwa mama, kina jina moja, langu. Papa yupo kwenye shukrani, mstari wa tatu, chini ya watu ambao hawajawahi kulipanda lile paa. Hilo linaniuma mpaka leo.

Nilichojifunza ni kwamba swali nililoliona halimfai fundi lilikuwa la dakika moja, mimi nikachagua kurasa sita.

Wajuzi wa mpira njooni mnikosoe. Na wewe ambaye usomi wako uliwahi kuumbuliwa na mtu mwenye kopo na kitambaa, mwaga yako hapa. Nasoma zote, chai ninayo pembeni.