Kidole Kilichotangulia

Baba yangu alitibu ugonjwa wake wa sukari kwa njia zote zinazojulikana duniani, isipokuwa ile aliyoelezwa na nesi. Asubuhi alikunywa maji ya umuravumba, jani chungu ambalo kwetu Butihinda linatibu malaria, kikohozi na wivu wa majirani. Mchana alisali. Vidonge alimeza siku alizojisikia vibaya, na siku alizojisikia vizuri alivitunza, kwa sababu baba ni mtu wa kambi ya wakimbizi, na mtu wa kambi hamalizi kitu wakati hajui kingine kitakuja lini. Halafu Jumapili, baada ya ibada, alikwenda kwa mdogo wake, akaketi mbele ya chungu cha impeke, pombe yetu ya mtama, akashika mrija, na kazi yote ya wiki nzima ikaharibika pale pale, watu wakitazama.

Mimi nilikuwa Gitega, nafundisha Kiswahili kwenye shule moja ya mtaa wa Mushasha, na nilimtibu baba kwa simu. Nilikuwa daktari hodari sana wa simu. Nilifoka, nilibembeleza, nilitishia kuja. Yeye alijibu, "Sawa, mwalimu," kwa ile sauti ambayo wanafunzi wangu huitumia wakiwa hawana nia yoyote ya kufanya zoezi.

Kinachoniudhi mpaka leo ni kwamba baba hakuwa mlevi. Kambini Tanzania, nilikokulia mimi, sikuwahi kumwona akiyumba. Alikunywa Jumapili tu, na alikunywa kwa ajili ya amani. Ndiyo, amani. Wengine hutia sahihi, baba yangu alivuta mrija.

Mambo yalikuwa hivi. Baba alikimbia nchi akiwa kijana, na mdogo wake, yaani baba yangu mdogo, akabaki akalima shamba lote la babu. Amani iliporudi na sisi tukarudi, na mabati yetu na masufuria yetu meusi, mlima mzima ulikaa mkao wa kutazama mechi. (Kwetu watu hawana kijiji, wana mlima.) Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Thubutu! Mlima wetu uliweka majembe chini, ukasubiri ndugu hawa wawili watwangane, maana kila mahali waliorudi na waliobaki walikuwa wakiburutana mahakamani. Baba mdogo akawaangusha wote. Alitoka nje, akapima shamba kwa hatua zake, nusu kwa nusu, akapanda mstari wa minyaa katikati, kisha akaleta chungu. Wakanywa, ndugu wawili, chungu kimoja, hadharani. Tangu siku hiyo ikawa kila Jumapili, ili mlima uone kwamba hakuna kilichobadilika.

Sasa jaribu kuwa wewe, mtu wa watu, useme Jumapili moja, "Leo sinywi." Kwetu huko, anayekataa mrija wa ndugu yake amesema jambo moja tu: naogopa sumu. Huhitaji kuongeza neno, wenzako watakuongezea. Na mlima wetu ulikuwa na akiba ya maneno. Ilisemekana kwamba baba mdogo ana chungu kingine, kidogo, anachokificha mvunguni mwa kitanda ndani ya mchanga wenye maji, na kwamba kila asubuhi hukipigia magoti. Mtu fulani alichungulia dirishani akaona. Siku zote kuna mtu fulani aliyechungulia. Basi ikawa inajulikana, bila ushahidi na bila aibu, kwamba mzee yule anafuga kitu.

"Na wewe unaamini?" nilimuuliza baba siku moja nilipokwenda likizo.

"Siamini."

"Basi acha pombe, mwambie unaumwa sukari."

"Nikimwambia naumwa, atajua mkewe. Akijua mkewe, umejua mlima. Watasema, mnaona? Ameanza kunywa kwa mdogo wake, sasa amekonda, anakojoa usiku kucha, sisimizi wanamfuata chooni. Watasema amelishwa. Wataenda kumchomea yule mtu nyumba, binti yangu, wewe huwajui."

"Kwa hiyo unakufa ili yeye asisemwe?"

"Sifi. Nakunywa polepole."

Haya! Polepole! Eti sukari nayo itasubiri, itaingia mwilini kwa adabu, ikibisha hodi. Nilimwambia sikio la kufa halisikii dawa. Akaniambia hilo sikio ndilo lililonisomesha mimi, na ni kweli.

Yaliyofuata yaliletwa na punje ya mahindi. Punje moja kavu iliingia ndani ya buti lake la mpira wakati wa kuvuna, na baba akatembea nayo kutwa nzima bila kuhisi. Nesi aliyempa vidonge alikuwa amemwonya, tena mbele yangu: ugonjwa huu unatia miguu ganzi, kila jioni kagua vidole, kung'uta viatu kabla ya kuvivaa, usitembee peku. Baba alikubali yote kwa kichwa. Jioni alipovua buti, punje ilikuwa imejichimbia kando ya kidole cha pili cha mguu wa kulia. Aliifurahia sana. Aliwaonyesha watu kwamba shamba la babu limemkumbuka hata kwenye mguu. Akapaka majivu, akavaa buti.

Nilipofika kumsalimia wiki kadhaa baadaye, niliingia mlangoni nikasikia harufu kabla ya kusikia salamu. Kidole kilikuwa cheusi. Sikulia, nilipiga kelele. Nilimwita majina ambayo binti hamwiti baba yake, naye akanitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. Nilijua wazi kilichokuwa mbele yetu: ukiachwa hivyo, ule weusi ungepanda mguu, na mguu ukimalizika ungemchukua na yeye.

Alikubali hospitali kwa sharti moja, isiwe ya Muyinga. Muyinga angekutana na watu wa mlima. Alitaka twende Gitega, kwangu, ambako hakuna anayemjua. Mdogo wake alikuwa hayupo siku hiyo, amekwenda Ryansoro kusalimia wakwe. Alikuwa na mapenzi makubwa na wakwe hao, kila mwezi lazima awasalimie. Baba akamshukuru Mungu kwamba hatamwona akiondoka.

Gitega tuliwekwa kwenye benchi la wagonjwa wa sukari, kundi la watu wanaotazama miguu ya wenzao badala ya nyuso. Nesi, mama mmoja mnene asiyekuwa na haraka, akamtoboa baba kidole cha mkono, akatazama kile kimashine chake, akakitazama tena. Kisha akasema inabidi tuanze sindano.

"Hapana," akasema baba. "Sindano hiyo ni ya kuaga. Kambini wote waliochomwa sindano ya sukari nimewazika mimi mwenyewe."

"Walichomwa wakiwa wamechelewa, mzee. Hawakuuawa na sindano, waliuawa na kuisubiri." Akavuta kiti, akakaa. "Sikiliza. Mwili wako ulikuwa unatengeneza kitu cha kuituliza sukari. Sasa umechoka. Vidonge vinauhimiza ujitahidi, na ukifuata chakula na ukavimeza kila siku, wengi vinawatosha. Lakini ukiwa na kidonda namna hii, na sukari juu namna hii, tunakupa kitu chenyewe, tayari. Huenda ni kwa muda, huenda ni moja kwa moja, tutaona. Siyo adhabu."

"Nitafikiri," akasema baba. Kidole cheusi, sukari imepanda mpaka mashine inashangaa, na yeye atafikiri! Nilitaka kumng'ata.

Ndipo mlango ukafunguliwa, akaingia mzee mmoja amevaa koti la Jumapili, na kikapu chenye kifuniko mkononi, akamsalimu nesi kama mtu wa nyumbani, akaulizwa, "Na wewe, zile za mwezi jana zimeisha?" Akageuka kutafuta nafasi ya kukaa. Alikuwa baba mdogo.

Nilimtazama huyu, nikamtazama yule. Lo! Ryansoro ilikuwa imehamia hospitali ya Gitega, na wakwe walikuwa ni sisi.

Baba mdogo aliuza samaki wakavu soko la Muyinga miaka mingi, Kiswahili chake ni cha huko, na mbele yangu hukitumia kwa sababu Kirundi changu humchekesha. Siku hiyo hakuna aliyecheka. "Mukubwa wangu," akasema, "na we uko hapa?"

"Nimemsindikiza binti," akasema baba.

"Mguu ndio inamusindikiza?"

Baba akauvuta mguu chini ya benchi, amechelewa. Baba mdogo akakaa kando yake, kikapu juu ya magoti. "Bon," akasema. "Mi iko na sukari kabla hamujatoka Tanzania. Sindano, kila asubuhi, kila mangaribi. Dawa inapenda baridi, mi sina frigo, basi nesi alinionyesha: chungu ndogo ndani ya mchanga wenye maji, chini ya kitanda."

"Ile unayopigia magoti," nikasema.

"Mwanangu, kitanda yangu iko chini. Nitaitoa namna gani, nikisimama?"

Baba akakitazama kikapu. Halafu akauliza jambo moja, polepole, na nilijua kabla hajamaliza kwamba jibu litaniudhi. "Na zile Jumapili? Ulikuwa unakunywa?"

"Nilikuwa naweka mrija mudomoni, navuta upepo."

"Upepo."

"Mais, ningefanya je? Mwenye kukaribisha asipokunywa wa kwanza, mugeni atasema kuna sumu. We umetoka mbali, nimekaa ku shamba yako miaka yote ile. Ningekwambia sinywi, ungelala usingizi?"

"Mimi nilikuwa nakunywa," akasema baba. "Nilikuwa nakunywa ili watu wasikuseme wewe."

"Yote?"

"Ya kwangu na ya kwako. Nilishangaa chungu hakipungui, nikaongeza bidii."

Hapo nililipuka. Nilisimama katikati ya benchi la watu wenye heshima zao, nikawaambia wazee wangu wawili kwamba sijawahi kuona upumbavu wenye adabu kama ule. Kwamba wamegawana shamba, wamegawana minyaa, na ugonjwa wamegawana bila kuambiana. Kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na wao wamekificha ndani ya chungu, wakakiwekea mirija! Nesi akaniambia nikae. Mama mmoja kwenye benchi akanipa maji. Nikanywa nikilia, kwa hasira, na kwa sababu nilikuwa nimeanza kuwapenda mno.

Daktari alikuja akautazama mguu, akasema bila kuzungukazunguka: kidole hakiponi. Kikikatwa sasa, na sukari ikashushwa kwa sindano, mguu unabaki. Baba akisubiri, watakata kwenye goti, na baada ya goti yeye daktari hatoi ahadi yoyote. Baba akasema tena kwamba atafikiri.

Baba mdogo hakumbishia. Alifungua kikapu, akatoa sindano yake, akainua shati mbele ya watu wote, akashika nyama ya tumbo, akajichoma. Akaihesabia kidogo, akachomoa. Kisha akamtazama kaka yake.

"Mi nimekunywa wa kwanza," akasema. "Zamu yako."

Baba akainua shati.

Walimkata kidole siku iliyofuata. Nesi akatuuliza kama tunakitaka au wakitupe wao, na mimi, msomi, nikafungua mdomo kusema watupe. Baba mdogo akanitangulia. Akakipokea kikiwa kimefungwa kwenye kitambaa, akakiweka ndani ya kikapu, mbali na dawa, akaondoka kwenda Butihinda. Baba alibaki nami Mushasha mpaka kidonda kilipofunga, akijifunza kujichoma, akinilalamikia juu ya chakula changu kisicho na chumvi wala ladha wala huruma.

Tuliporudi, Jumapili ya kwanza tu, chungu kilitolewa nje. Mlima ukaja, maana ulikuwa umesikia habari zote na kuzitia chumvi. Baba mdogo akasimama akawaambia kwa sauti: mimi na mukubwa wangu tuna sukari, ya damu yetu, haikutoka kwa mutu, ile chungu ya mvunguni atakayetaka kuiona aingie aione. Wakaingia wote, wasio na haya, kwa foleni. Wakatoka wamenuna, kwa kuwa hakukuwa na kitu mle isipokuwa dawa. Impeke wakainywa wao. Ndugu wawili wakakaa pembeni wanakunywa chai isiyo na sukari, nyuso zimewakunjamana.

Nilimvuta baba mdogo kando nikamuuliza swali lililonisumbua tangu Gitega. Baba yangu, miaka yote ya kambi, alikuwa na ombi moja kwa Mungu: arudi, siku yake ikifika azikwe kwao, karibu na baba yake. Nilitaka kujua kile kidole alikipeleka wapi.

"Pale pale alipoomba," akasema. "Kando ya mzee, upande wa kulia. Nimemuwachia nafasi ya kutosha." Akapuliza chai yake. "Lakini mwambie vile vingine visiwe na haraka."