Mgeni Aliyebaki Benchini

Kamera zilikuja kwetu kwa sababu ya pampu ya kisima. Tuliamka asubuhi moja tukakuta mabomba yamekatwa, na pale ilipokuwa pampu pamebaki misumari minne na alama ya kutu. Mdogo wangu wa kiume, anayefanya kazi Doha, nilipompigia simu kumweleza hakusema mengi. Wiki iliyofuata fundi alifika kutoka Ukunda na pikipiki, maboksi yamefungwa nyuma kwa mpira, akasema ametumwa.

Nyumba yetu iko Kinondo, kwenye kiwanja alichokinunua baba siku za kazi yake ya kutunza bustani katika hoteli za Diani. Mama alikuwa ameshafariki. Ndoa yangu nayo ilikuwa imekwisha, nikarudi kwa baba na cherehani yangu, nikawa nashona sare za shule na mabuibui. Tulikuwa wawili tu. Mdogo wangu hakuwa na wasiwasi wa pampu, hilo nililijua. Wasiwasi wake ulikuwa baba, aliyekuwa ameanza kusahau. Mara ya kwanza ilikuwa chumvi kwenye chai. Baadaye alianza kuniita kwa jina la marehemu shangazi.

Fundi alifunga kamera nne: getini, kisimani, kwenye banda la kuku, na moja iliyotazama benchi la mbao chini ya mwarobaini, upande wa pili wa ua, ambako baba alipenda kukaa asubuhi. Halafu akafunga skrini. Nilidhani itakuwa moja. Zikawa nne pia: jikoni, sebuleni, chumbani kwa baba, na kwenye chumba changu cha kushonea, juu kidogo ya cherehani. Kila skrini ilionyesha pande zote nne kwa pamoja.

"Bro wako alisema kila mahali mtu anakaa," fundi aliniambia. Alikuwa kijana wa bara, mpole. "Ukiwa jikoni unaona geti. Ukishona unamwona mzee. Na yeye huko aliko anaona yote kwa simu."

"Na sauti?"

"Sauti hakuna, mama. Picha tu."

Siku za mwanzo niliona raha. Nilikoroga mchuzi huku natazama kuku wakichakura, na geti langu limefungwa. Baba hakuzijali zile skrini. Alidhani ni televisheni, na televisheni hakuwahi kuipenda.

Kisha siku moja niliteka maji kisimani, nikabeba ndoo hadi jikoni, nikaitua chini na kuinua macho. Kwenye skrini kulikuwa na mwanamke kisimani. Alikuwa amenipa mgongo, amejifunga kanga kama yangu, anavuta kamba taratibu. Nilimtazama akijaza ndoo yake. Aliinama, akajitwisha, akaanza kuja upande wa nyumba, akatoka kwenye picha. Nikajikuta nimeugeukia mlango wa jikoni, nangoja aingie. Hakuingia mtu.

Nilicheka peke yangu, kicheko cha mtu anayetaka kusikia sauti ndani ya nyumba. Halafu nikampigia fundi.

"Ni picha inachelewa kidogo," alisema. "Kile kisanduku kinachogawa picha kwa hizo skrini kinajaa. Zima, uwashe. Itakuwa sawa."

Nilizima, nikawasha, ikawa sawa. Baada ya siku mbili tatu ikaanza kuchelewa tena. Lakini umeme wetu ulikuwa haukai, na kila ulipokatika na kurudi kisanduku kilijiwasha upya na picha zikaenda na wakati. Kwa hiyo niliacha kulifikiria jambo hilo. Saa iliyoandikwa pembeni mwa picha haikuwahi kuwekwa sawa tangu siku ya kwanza, na sikuwa na sababu ya kuitazama.

Baba ndiye aliyeanza kulifikiria, kwa namna yake.

"Mwanangu," aliniambia asubuhi moja, amesimama sebuleni mikono nyuma, "yule mzee mmemkaribisha?"

"Mzee gani, baba?"

"Yule aliyekaa benchini."

Nilitazama skrini. Kwenye benchi alikuwa ameketi yeye mwenyewe, na msuli wake wa bluu kiunoni na fulana nyeupe, mguu mmoja juu ya mwingine. Lakini baba alikuwa hapa, ubavuni mwangu, na msuli huohuo. Nilisikia pumzi zake.

"Ni wewe huyo, baba. Picha imechelewa."

Aliniangalia kwa huruma, kama ninayesahau ni mimi. "Mimi nimeshaingia ndani. Yeye amebaki."

Alichosema ndicho kilichoonekana. Tulisimama pale wawili tukimtazama yule mzee akijikuna goti, akitazama angani, hana haraka ya kwenda popote. Siwezi kueleza vizuri nilivyohisi. Nilijua ni nini, nilikuwa nimeelezwa na fundi, na bado nilimsogelea baba.

Tangu siku ile baba alikuwa na mgeni. Alikuwa akitoka kwenda kumwamkia, akarudi na kuniambia hakumkuta. "Kila nikifika ameshaondoka," alisema. "Nikiingia ndani anarudi. Ana haya." Hakuwa na hofu naye. Alikuwa amefanya kazi kati ya wageni kwa miaka mingi kule hotelini na alijua wapo wasiopenda kusemeshwa.

Siku moja alinitaka nimtilie mgeni chai. Nilitaka kukataa, kisha nikaona heri amani. Nilitia chai ya tangawizi kwenye kikombe, nikamwekea na kaimati mbili kwenye kisahani. Baba alivipeleka mwenyewe, akitembea polepole asimwage. Alirudi mikono mitupu, akakaa sebuleni mbele ya skrini kungoja. Mimi nilikuwa mlangoni na ufagio.

Baada ya kitambo mzee akaonekana kwenye skrini akija benchini, amebeba kikombe na kisahani. Aliinama, akaviweka juu ya benchi kwa uangalifu mkubwa, akasimama kidogo kama mtu anayeomba radhi, akaondoka.

Baba alitikisa kichwa. "Umeona? Ameirudisha. Hakuonja hata tone." Alionekana kuumia. "Labda tumemkosea."

Nilikwenda kuvichukua vile vyombo. Chai ilikuwa ya moto bado. Nilipokuwa nainama pale benchini niliona aibu, nikajua kwamba baada ya dakika chache baba ataniona kwenye skrini nikimnyang'anya mgeni wake chakula.

Nilimweleza mdogo wangu kwa simu. Akasema picha ya kwake haichelewi, inatoka kwenye kamera moja kwa moja, haipitii kile kisanduku. "Huku namwona baba akiongea na benchi tupu," alisema. "Nilidhani anasali."

Wiki iliyofuata umeme haukukatika hata mara moja. Watu waliusifia dukani. Mimi pia niliusifia, maana nilikuwa na sare nyingi za kumaliza kabla shule hazijafunguliwa na cherehani yangu ilikuwa ya mota.

Asubuhi ile baba alikwenda benchini kama kawaida, nami nikaingia chumba cha kushonea. Nilishona kwa muda mrefu. Kila nilipoinua macho kubadilisha uzi, alikuwepo, ametulia chini ya mwarobaini. Simu ikalia.

"Dada, shikamoo," mdogo wangu alisema. "Baba yuko wapi?"

"Marahaba. Yuko benchini."

"Hayupo benchini. Natazama sasa hivi."

Nilitazama skrini. "Yupo. Namwona mimi. Anapangusa miwani yake."

"Dada, benchi ni tupu, na geti liko wazi."

Kwenye skrini yangu geti lilikuwa limefungwa. Baba alivaa miwani, akatikisa kichwa kuona kama imekaa sawa, akaanza kupepea nzi kwa kofia yake. Yeye Doha, mimi Kinondo, kila mmoja alikuwa akitazama ua ule ule.

"Nenda nje," mdogo wangu alisema kwa upole. "Katazame kwa macho yako."

Nilitoka mbio, utepe wa kupimia bado shingoni. Benchi lilikuwa tupu. Niliweka kiganja juu ya mbao, zilikuwa baridi. Geti lilikuwa wazi kabisa. Nilimwita, nikaenda hadi kisimani na kutazama chini, jambo ambalo sitaki kulikumbuka, na maji yalinionyesha uso wangu tu. Nikatoka getini.

Njia yetu ya mchanga hutoka moja kwa moja hadi barabara ya lami, na nilikimbia nikiwaza magari. Pale njia panda, mwanamke auzaye mihogo ya kukaanga aliniona kwa mbali akainua mkono. Baba alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki cha mwanamke huyo, kofia kichwani, kanzu ya Ijumaa mwilini juu ya msuli, anahema.

"Nimemzuia," yule mwanamke alisema. "Alikuwa anataka kuvuka. Anasema anamfuata mtu."

Nilichuchumaa mbele yake. "Baba, ulikuwa unakwenda wapi?"

"Mgeni ameondoka," alisema. "Nimemwona anafungua geti na kutoka, peke yake. Siku zote hizi amekaa kwetu, halafu anaondoka hakuna hata mmoja aliyemsindikiza. Nikavaa kanzu nikamfuata." Alitazama barabara upande mmoja, kisha upande mwingine. "Anatembea haraka kwa umri wake."

Tulirudi nyumbani nimemshika mkono. Nilimketisha sebuleni nikamletea maji. Alikunywa huku anatazama skrini, nami nikatazama kwa sababu yeye anatazama. Benchi lilikuwa tupu sasa hata kule. Kisha mzee akatoka upande wa nyumba, amevaa kanzu na kofia, anatembea kwa haraka ambayo sijawahi kuiona kwa baba. Alifungua geti, hakutazama nyuma, akapotea.

"Umemwona?" baba alisema. "Anaondoka tena."

Ua ulibaki mtupu kwa muda mrefu, geti wazi, kuku mmoja akapita. Halafu mwanamke akatokea anakimbia, utepe unamning'inia shingoni. Alisimama mbele ya benchi akaligusa. Mdomo wake ulikuwa unafunguka na kufungika bila sauti yoyote. Alikwenda kisimani, akainama mno, akakaa ameinama hivyo kwa muda ambao mimi sikukumbuka kuinama.

"Na yule," baba aliuliza, "anamtafuta nani?"

Niliinuka nikachomoa waya wa skrini ukutani.

Fundi alikuja kesho yake, akapima, akasema picha zilikuwa zimerudi nyuma dakika ishirini. Hapo ndipo nilipoelewa. Mapema asubuhi ile baba alikuwa ameinuka benchini, akafungua geti, akatoka kuchungulia njia, akarudi, akalifunga na kukaa tena, na mimi sikuinua macho. Alipoingia sebuleni dakika ishirini hivi baadaye, skrini ilikuwa ndiyo kwanza inamwonyesha akitoka. Alikuwa amejifuata mwenyewe hadi barabarani. Nilimweleza fundi, na kicheko alichotaka kukitoa kikaishia njiani. Alibadilisha kisanduku, na tangu hapo picha haikuchelewa. Skrini ya sebuleni na ya chumbani kwa baba nilimwomba aondoke nazo.

Baba alimuulizia mgeni siku chache. Nilimwambia amesafiri salama. Alisema Alhamdulillahi, na baada ya hapo hakumtaja, lakini pia hakwenda tena benchini. Alikaa ndani, kiti chake kimeelekea ukuta wenye matundu ya skrubu pale skrini ilipokuwa.

Alifariki kabla ya mvua za masika, alasiri, amelala. Alizikwa kesho yake asubuhi. Mdogo wangu hakuwahi ndege, akafika siku ya tatu. Tulipokaa pamoja aliniambia kwamba asubuhi ya maziko aliomba ruhusa kazini, akaingia stoo, akafunga mlango na kutazama yote kwa simu. Aliona watu wakijaa uani. Aliona jeneza likitolewa mlangoni, likipita, likitoka getini juu ya mabega. Wanaume wote walilifuata. Akabaki akitazama ua, na wanawake walioanza kukusanya mikeka.

"Niliona kila kitu," alisema, "lakini sikusikia neno. Walisoma nini? Nani alianza? Wewe ulikuwa unasema nini pale mlangoni?"

Nikamsimulia tangu mwanzo, sauti kwa sauti, nani alilia na nani alimnyamazisha, na dua yote kama nilivyoisikia kutoka dirishani. Ilichukua muda. Alikuwa amefumba macho, na kila niliporuka jambo aliniomba nirudie.