Sare ya Mtu Mmoja

Mimi si mtu wa kudanganywa kirahisi, na hilo ndilo lililoniponza. Hapa Nguvumali tunapokaa, jirani akitumiwa ujumbe kwamba ameshinda gari, huja kwangu kwanza nimsomee. Nikimwambia futa, anafuta. Nilishazoea kuwa mtu wa kuulizwa, na nakiri nilikuwa napenda. Kwa hiyo nilipoamua kuwa wakala wa mtandaoni sikukurupuka. Nilikwenda taratibu, kama mzazi aliyeletewa posa ya binti yake.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Duka la mtandaoni linakupa linki yenye alama yako. Unaituma kwa watu, kwenye grupu, kwenye stetasi. Mtu akiibonyeza na kununua, duka linajua kapitia kwako, linakukatia kamisheni yako. Huna fremu, huna mzigo, hujui hata bohari lao liko wapi. Unachohitaji ni simu na watu wanaokuamini. Simu ninayo, na watu nilikuwa nao. Nimewapikia vileja na visheti katika shughuli zao tangu wanangu wakiwa wadogo, na grupu la wanawake wa ukoo wetu nililifungua mimi mwenyewe.

Kampuni ya kwanza niliyoichunguza iliuza vyombo vya jikoni. Walitaka nilipe ada ya kujiunga kabla ya kupewa linki. Nikawacheka. Ukiona kampuni inataka uilipe ndipo uifanyie kazi, ujue biashara yenyewe ni wewe. Niliwaandikia hivyo hivyo, kisha nikawabloki.

Ya pili iliuza nguo na vitambaa. Hapa ndipo ninapoona haya kila nikikumbuka. Nilimwandikia mhusika salamu kamili, nikamuuliza hali na kazi, ndipo nikaleta maswali yangu. Alijibu bila salamu. Hata neno "salama" hakuliandika. Alisema kamisheni hulipwa baada ya mteja kupokea mzigo wake na muda wa kuurudisha kupita, na kwamba kila wakala mpya lazima anunue kwanza kitu kimoja kwa pesa yake mwenyewe, aone kinavyofika, ndipo apewe linki. Basi, kamaliza.

Nilimsomea dada yangu majibu yale nikiwa nimefura. "Huyu kalelewa wapi?" nilimuuliza. Kwetu Tanga mtu anaweza kukukosea mengi ukamstahimili, lakini akikurukia na maneno kabla ya salamu mmekwisha kuachana. Na tena aniambie mimi nitangulize pesa yangu, halafu nisubiri mpaka wateja waridhike! Nilimfuta.

Ya tatu nayo iliuza vitambaa. Mwanamume wa kule alikuwa hapigi simu kwa haraka wala haandiki kwa mkato, alituma sauti. "Assalamu alaykum, mama yangu. Umeamkaje? Wazima hapo nyumbani?" Siku moja nilimtajia kwamba goti linanisumbua, na tangu hapo hakuna sauti aliyotuma bila kuliuliza hali goti langu. Hakutaka ada. Kamisheni, alisema, inaingia papo hapo mteja akishalipa, hakuna kusubiri. Kisha akanitumia kwa basi zawadi ya kuanzia: kitambaa cha zambarau cha kutosha gauni zima, kizito, laini, kinachoteleza mkononi kama maji.

Hata hapo sikujitosa. Nataka hilo lieleweke. Nilimwambia anikutanishe na mawakala wengine, naye akaniingiza kwenye grupu lao. Walikuwamo wanawake wa Muheza, wa Pangani, wa Korogwe. Nilimfuata kila mmoja pembeni nikamuuliza kama kweli wanalipa. Wote waliapa wallahi wanalipa, tena bila kukumbushwa. Nikaridhika. Nilimwambia dada yangu kwamba watu hawa nimewachunguza kuanzia utosini mpaka unyayoni.

Wakati huo dada alikuwa anamwoza bintiye. Yeye anakaa Ngamiani, katika nyumba ile ile tuliyozaliwa, na shughuli ya siku ya kupamba, siku wanawake wanapokuja kumtazama bibi harusi, ingefanyika pale. Mama wadogo, mashangazi, mabinamu na majirani wa karibu lazima wawe na sare. Anayevaa sare ni wa ndani. Ambaye hana ni mgeni, hata kama kazaliwa chumba cha pili.

Siku zote sare zetu tulizinunua kwa Mhindi mmoja wa pale pale Ngamiani, duka alilorithi kwa babaye. Unaingia, unakalishwa kwenye benchi, anakushushia majora, unashika, unavuta, unatoka nje kukiangalia kitambaa juani, unarudi. Shughuli ya asubuhi nzima. Safari hii nikasema siku hizi nani anahangaika na majora. Nikaenda nyumbani kwa dada na kile kitambaa changu cha zambarau, nikakipitisha mkono kwa mkono. Wanawake walikipapasa wakakipeleka mashavuni. Bei kwenye linki ilikuwa nafuu kuliko ya dukani.

Ila walisita kulipa kwa watu wasiowajua. Mmoja aliniuliza, "Wewe ushawaona watu wenyewe?"

"Hao ni watu wangu," nilijibu.

Nilisema hivyo hivyo, na sikutafuna maneno. Wakabonyeza linki, mmoja baada ya mwingine, wamekaa mkekani na simu zao, wengine nikiwabonyezea mimi kwa sababu hawakuvaa miwani. Nilipofika nyumbani kamisheni ilikuwa imeshaingia yote. Mwanamume wa sauti hakuwa mwongo. Kwa pesa ile nilimlipa fundi anishonee gauni langu kwa kile kitambaa cha zawadi, nikamwambia asibanie shanga, azijaze mikononi.

Mzigo ulikuja kwa basi, ukafunguliwa sebuleni kwa dada mbele yetu sote. Rangi ilikuwa ya zambarau, ndiyo, lakini ile iliyokwisha fuliwa sana. Kitambaa kilikuwa chepesi, kina sauti ya karatasi. Mke wa kaka yetu alikinyanyua dirishani, nasi tukaziona nondo za dirisha kupitia ndani yake, zote. Ningependa wangepiga kelele. Walianza kukikunja upya polepole, ncha kwa ncha, kama nguo ya mtu mwenye heshima zake, na dada akauliza nani ataongezewa chai.

Nilitoka kwenda uani nikampigia yule mwanamume wa sauti. Mara ya kwanza nilisalimiwa na goti likaulizwa. Nilipoeleza shida, laini ikakatika. Nikaandika kwenye grupu la mawakala kwamba wateja wangu wameletewa vitambaa vibaya, nikaondolewa kabla sijajibiwa na mtu. Nikapiga tena kwa namba nyingine, akapokea.

"Mama, kamisheni yako hukuipata?"

"Niliipata."

"Ilipungua?"

"Haikupungua."

"Basi sisi na wewe hatudaiani. Goti vipi?"

Nilisimama pale uani na simu sikioni. Kilichoniuma zaidi ni kwamba kila nilichomuuliza kabla ya kujiunga alikuwa amekitimiza. Sikumuuliza habari ya mtu mwingine yeyote.

Somo yangu aliniita kwake siku iliyofuata. Huyu ndiye bibi aliyenifunda nilipokuwa naolewa. Ana umri wa kuitwa na Mungu wakati wowote, na bado namwogopa kuliko nilivyowahi kumwogopa mama. Nilimwamkia shikamoo nikaketi chini. Aliitika marahaba, akaniuliza habari za nyumbani zote mpaka zikaisha, kisha akaniuliza nilichunguza vipi.

Nikamweleza. Nilikuwa bado najitetea, nikasema niliwauliza mawakala kibao, hakuna aliyelalamika.

"Ukiletewa posa," alisema, "habari za mume unakwenda kuwauliza dada zake?"

Nikajifanya naurekebisha ushungi wangu.

"Hao waliokwishanunua, uliwatafuta hata mmoja?"

"La, somo."

"Na yule wa kabla yake, aliyekwambia ununue kwanza mwenyewe uone?"

"Hakuwa na adabu."

Aliomba nimsogezee kikombe chake. Nilimwambia nitawarudishia watu kile walicholipa, hata kwa kuuza vileja mwaka mzima. Akasema hayo ni ya baada ya harusi, sasa hivi watu wana shughuli.

Siku zilizofuata grupu letu lilikuwa kimya. Hakuna picha, hakuna mzaha, hakuna anayeuliza mchele ulowekwe saa ngapi. Wanawake wa ukoo wetu hawajui kunyamaza, hasa kukiwa na harusi. Nilijua wamefungua grupu lingine. Mimi ndiye niliyewafundisha jinsi ya kufungua.

Siku ya kupamba nilikaa kitandani nikiwa na gauni mapajani. Sikuwa na nguo nyingine ya maana, huo ndio ukweli, lakini si ukweli wote. Nilifikiri kila mtu atavaa anachojua, huyu rangi yake na yule yake, na katika mchanganyiko ule la kwangu litapotea. Na moyoni, ee Mola nisamehe, nilifikiri pia kwamba ni gauni zuri. Nikalivaa, nikajifunika baibui, nikachukua bajaji mpaka Ngamiani.

Nilivua baibui ukumbini, nikaingia sebuleni. Walikuwa na sare. Wote, kuanzia mke wa kaka mpaka mabinamu waliotoka Tongoni, wamefunga kanga za namna moja, mpya, nyeusi na rangi ya chungwa, moja kiunoni na nyingine mabegani, bado zina harufu ya duka. Nililijua duka. Mmoja aliinama kuokota sinia, nami nikayasoma maandishi yaliyokaa nyuma yake.

Maneno yenyewe siyaandiki hapa. Anayejua kanga anajua kwamba wanawake hawaichagui kwa maua yake. Yalikuwa maneno machache, na hayakumtaja mtu, na kila aliyekuwamo mle chumbani alijua yanamwendea nani. Mimi nilisimama katikati yao na zambarau yangu na shanga zangu mikononi. Sare niliyoichagua ilikuwa mwilini mwa mtu mmoja.

"Karibu, mbona umekawia?" mke wa kaka alisema, kwa upole kabisa. Wengine waliitikia salamu yangu mmoja mmoja. Nilitamani sakafu inimeze.

"Mleteni huku," somo alisema kutoka chumba cha ndani.

Alikuwa amekaa kitandani, na dada yangu amesimama karibu yake. Juu ya shuka palikuwa na kanga, jozi moja, imekunjwa vizuri. Nyeusi na chungwa.

"Leso yako hiyo," somo alisema.

"Yangu?"

"Kwani wewe si mama mdogo wa bibi harusi? Ulidhani tutakuacha uingie kama mgeni?"

Hapo machozi yalinitoka. Nilitaka kuanza kuomba radhi, nikaanza kabisa, lakini dada alinishika bega akaniambia nisiharibu wanja. Alikuwa analia na yeye. Wamenihesabu, nilifikiri. Walipokwenda dukani bila mimi, walipokaa kwenye benchi na kushushiwa majora, kuna mtu alisema usisahau na ya yule.

Somo aliniambia nisivue gauni, hakuna muda, nifunge juu yake. Alinifunga mwenyewe. Kanga ilinifunika zambarau yote isipokuwa mikono, shanga zikabaki nje. Kisha akanishika kiunoni akanigeuza, akavuta upande huu kidogo, akavuta upande ule, akapitisha kiganja nyuma yangu mpaka maandishi yakakaa sawasawa, hayana hata kunyanzi.

"Yanasomeka?" alimuuliza dada.

"Yanasomeka," dada alisema.

"Haya. Wewe ndiye mama mdogo, nenda mlangoni kapokee wageni."

Nikaenda. Wageni walikuwa wameanza kufika, na kila aliyeingia nilimpa mkono, nikamuuliza hali, nikamtangulia kumwonyesha pa kukaa.