Vigelegele vya Watazamaji

Nakumbuka siku moja niliwanyamazisha akina cucu, bibi zetu wa Naro Moru, na mpaka leo sijapata wa kumlaumu ila mimi mwenyewe.

Nilikuwa kijana, mwanangu, nimerudi likizo kutoka chuo cha Nairobi. Huko nilikuwa nimetazama mchezo wa kuigiza mara mbili, watu wakiketi kimya na kupiga makofi mwishoni tu. Mara mbili, na tayari nilijiona mtaalamu.

Dada yangu mdogo, Nyambura, alikuwa anaigiza kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa kanisa. Baba hakupenda. Alimruhusu siku hiyo moja, akasema akiaibika, mambo ya jukwaa yaishe. Basi nikajipa kazi ya kumlindia heshima.

Pazia lilipofunguka, akina mama walianza kama kawaida yao. Walimwonya mke wa mchezoni kwamba mumewe ni mwongo, wakamsuta mume, wakacheka alipojikwaa. Nikasimama nikawaambia wanyamaze.

Cucu mmoja wa safu ya mbele akaniuliza, "Kwani hapa ni matanga?"

"Cucu, mchezo inatazamwa na macho," nikamjibu.

Walinitii kwa kuwa nilikuwa msomi. Nikaketi nimeridhika.

Nyambura aliigiza mkunga. Alitoka nyuma ya shuka amebeba mtoto wa matambara, akatangaza, "Ni kijana." Kwetu mtoto wa kiume hupokewa kwa vigelegele vitano, wa kike vitatu, na vile vitano waigizaji walikuwa wamewaachia watazamaji. Nyambura akangoja. Akatangaza tena. Ukumbi ulikuwa kimya, na nilimwona akinitafuta kwa macho.

Nikainama kwa yule cucu, nikamwomba apige.

"Si ni wewe umetunyamazisha? Haya, piga wewe."

Vigelegele ni vya wanawake. Niliona haya, nikakaa. Mtu akacheka kule nyuma. Nyambura akamlaza mtoto mezani, akaondoka jukwaani, na Baba akachukua kofia yake.

Hakuigiza tena. Siku hizi ana duka huko Kutus na wajukuu wanne, na hajawahi kunitajia jambo lile. Ningefurahi kama angenigombeza.

Nyinyi siku hizi hamnyamazishi mtu. Mnainua simu na kurekodi, na anayeigiza anabaki kungoja vilevile. Mwanangu, ukienda kutazama mchezo, weka simu mfukoni. Cheka, sikitika, mwonye anayedanganywa ikiwa ndivyo wenyeji wanavyofanya. Ukiwa mgeni, tazama kwanza wanavyoupokea mchezo wao. Na kabla hujamwambia mtu anyamaze, uliza kama kuna anayeingoja sauti yake. Mimi sikuuliza, na aliyelipa ni dada yangu.

Mungu akukuze, mwanangu. Na siku utakaposimama mbele za watu ukiwa na la kuwaambia, akupe wa kukuitikia.