Samaki Mwenye Mifupa ya Mkono

Mimi nilimaliza shule ya msingi tu. Kwa hiyo mambo ya mawe na mifupa ninayaandika kama nilivyoelezwa na yaya, kaka yangu mkubwa, anayefundisha biolojia hapa Bunia. Nikikosea, kosa ni langu, si lake.

Alinieleza hivi. Mbali sana, katika nchi za baridi, watu walivunja mwamba wakakuta samaki aliyegeuka jiwe. Magamba ni ya samaki, mapezi ni ya samaki. Lakini kichwa ni bapa kama cha mamba, na ana shingo, wakati samaki hana shingo. Ndani ya pezi lake kulikuwa na mfupa mmoja, kisha miwili, kisha midogo midogo. Yaya alinishika mkono pale jikoni akanihesabia: mmoja huku juu, miwili huku chini, midogo hapa penye kifundo cha mkono. Na hawakumkuta kwa bahati tu. Katika miamba ya zamani zaidi kulikuwa na samaki peke yao. Katika miamba ya baadaye kulikuwa na wanyama wenye miguu, mmoja ana vidole vinane, na bado ana matamvua ya kupumulia majini. Wakasema, basi wa katikati atakuwa katika mwamba wa katikati. Wakamtafuta miaka, wakamkuta. Katika jamaa hiyo, alisema, ndimo walimotoka vyura, na nyuma yao sana, siye.

Hayo aliyachora ubaoni mbele ya wanafunzi. Jumapili habari ikafika kanisani, na Papa, baba yetu, alikuwa mzee wa kanisa. Akaniita.

“Weye unakaa na yaya yako. Ni kweli anafundisha batoto ya batu kama tulizaliwa na samaki?”

“Ndiyo, Papa.”

Hapo ninajishtaki. Yaya hakusema tulizaliwa na samaki. Ningeweza kumshika Papa mkono nikamhesabia ile mifupa, naye angekasirika au asingekasirika, sijui. Niliogopa, na jibu fupi lilikuwa karibu.

Lakini nisimwonee Papa. Tulikimbia vita kutoka Djugu, kando ya ziwa, tukaacha nyumba, nyavu na kaburi la Mama. Yeye alibeba Biblia na godoro. Alimwambia yaya: “Njia yote nilikuwa naomba Ule aliyeniumba kwa mikono Yake. Sasa mutoto yangu anasema mikono haiko?” Yaya akajibu: “Papa, sikusema ivo. Lakini siwezi kuambia batoto kama ile jiwe haiko, na iko.” Kila mmoja alikuwa na haki yake, ndivyo ninavyoona. Msimu mzima wa mvua hawakusalimiana.

Kwetu waliokosana hurudishwa na sahani moja. Wananawa katika beseni moja, wanakula bugali katika sahani moja mbele ya shahidi, na jambo limekwisha, hata bila maneno. Lakini anayenawa tena kabla ya kula amekataa. Hakuna wa kumlazimisha.

Baba mdogo alikubali kuwa shahidi, mimi nikapewa kupika. Kuku alikuwa amefungwa tayari mlangoni. Asubuhi nilipita sokoni kwa ajili ya nyanya, nikakuta samaki wa ziwani, kapitene mbichi, macho bado yanang'aa. Tangu tukimbie Papa hakuwa amekula samaki mbichi wa ziwa lake. Nilifikiria tumbo lake. Naapa sikufikiria kitu kingine. Nikarudi nikamfungua kuku.

Walipokwisha kunawa pamoja nikafunua sahani, na yaya akaona kwanza. Akafunga macho. Papa akainama, akalitazama pezi lililosimama katika mchuzi.

“Eh! Na huyu munaniletea, ni babu ao ni shangazi? Munapika jamaa bila kulia matanga?”

Baba mdogo akacheka mpaka akakohoa. “Muzee, kula tu! Huyu ni shemeji!”

Yaya hakucheka. Akasimama. “Papa, umeniita juu ya kunichekelea mbele ya batu?”

“Kaa chini.”

“Hapana, Papa.” Akatoka, mikono bado ina maji.

Papa akaninyooshea mikono nimmwagie maji tena. Nikammwagia.

Kwa desturi, Papa ndiye aliyekataa. Kwa macho, yaya ndiye aliyeondoka. Na samaki nilimleta mimi. Nimeyapima hayo mara nyingi, na sijui lipi ni zito kuliko lingine. Nilipanga kupika tena, safari hii kuku, nikawa nangoja hasira zipoe. Tansio, presha ya damu, haikungoja. Ilimwangusha Papa uani akifunga viatu, na yaya alipofika hospitali walikuwa wamekwisha kumfunika uso.

Siku ya tatu ya matanga yaya alinifuata nyuma ya nyumba, nilipokuwa naosha sufuria pamoja na mama wawili wa kanisa.

“Mudogo yangu, ile siku, Papa alikuwa anacheza ao alikuwa ananitukana? Weye ulikuwa karibu. Uso yake ilikuwa namna gani?”

Nilijua anataka neno gani. Ningelisema, labda angelala usingizi.

“Yaya, nilikuwa naangalia sahani. Sauti haikuwa ya hasira. Uso sikuona.”

“Haikuwa ya hasira?”

“Niliisikia ivo. Lakini baba mdogo alikuwa anacheka kwa nguvu. Siwezi kuapa.”

Akachuchumaa, akachukua sufuria kubwa iliyobaki, akaanza kuisugua kwa mchanga. Mama mmoja akamwambia, “Prof, acha, hiyo haiko kazi yako.” Hakumwangalia. Alisugua pale palipoungua, kisha pale palipokuwa safi, na hakuna kati yetu aliyethubutu kumpokonya.